Mchawi wa Mezani

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huizunguka meza. Mmoja husimulia ulimwengu, wenzake hujivika nafsi za watu wa kubuni, na dadu huamua nani afaulu na nani aanguke. Ulimwengu huo haukuzuka patupu. Mwaka 1979 Gygax aliorodhesha riwaya zilizomchochea, na tangu hapo imekuwa desturi: riwaya ya kale na miujiza huwa shamba, mchezo ukawa mavuno.

Shamba hilo linatugusa. Mwaka 1981 Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, alitoa riwaya ya Imaro, na bara alilolibuni akalipa jina la Kiswahili: Nyumbani. Si ajabu, basi, siku moja msimulizi akatamani kuziweka Shinyanga na Geita mezani. Malighafi ipo tele: dhahabu ardhini, watemi wa kale, na Ng'wanamalundi ambaye masimulizi yasema alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Swali ni hili: je, kila imani ya mahali yafaa kufanywa kanuni ya mchezo?

Neno moja latosha kuonyesha uzito wa swali. Mchezo humruhusu mtu kuchagua kuwa mwenye nguvu za uchawi. Mfasiri atamwita nani, kama si mchawi? Kwa mchezaji wa Chicago hiyo ni kazi mojawapo, sawa na kushika upanga. Usukumani neno hilo hilo limewaua vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, nayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni. Tena tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa, kwa uvumi kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga na ambayo tangu 2012 imo mkoani Geita.

Atasema mtu: mchezo ni mchezo, na bibi aliyesimulia mazimwi jioni hakumdhuru mjukuu. Kweli. Lakini msikilizaji wa hadithi ana hiari ya kusadiki au kucheka. Kanuni haimpi hiari hiyo. Ikisema dawa fulani huongeza mbili juu ya dadu, huongeza mbili. Ndani ya ulimwengu huo mwenye kumshtaki kikongwe huenda akawa amesema kweli, na mwuaji akawa amefanya hesabu sahihi. Mchezo umempa ushahidi ambao duniani haupo.

Je, miujiza ipigwe marufuku? La hasha. Wasukuma wanaye Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we lililomeza watu, akalipasua tumbo, nao wakatoka wazima. Huo ni muujiza mkubwa, na hakuna maskini aliyekatwa ili mwingine atajirike. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ya Myombekere na Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo mna waganga na dawa, lakini kinachoujaza ulimwengu ule ni kilimo, ukwe, pombe ya kupatanisha na uchungu wa mke asiyepata mtoto. Msimulizi angeweza kuchota humo miaka kumi asikauke.

Basi anayetaka kuiweka Geita mezani na akuze zimwi apendavyo. Uvumi nao auweke, kwa kuwa upo, tena una nguvu ya kuua. Wachezaji wakutane nao, wamfiche kikongwe, wamkabili mshtaki. Ila uvumi huo asiupe hata nukta moja ya dadu. Mtoto wa Bukombe hakuwa na siri yoyote mwilini mwake, na ulimwengu wowote unaobuniwa kutokana na nchi yake wapaswa kulijua hilo.