Wingi wa Miaka na Kazi ya Upendo



Wataalamu wametuarifu habari za viumbe viwili vya ajabu. Cha kwanza ni papa wa Greenland, akaaye katika bahari ya barafu ya kaskazini. Mwaka 2016 wachunguzi walieleza kuwa, walipopima macho ya papa 28, walimkuta mmoja aliyeishi miaka 272 kwa uchache. Cha pili ni msonobari wa milima mikavu ya California, nchini Marekani. Uko mmoja uliopita miaka 4,800. Ulikwisha kuota kabla Ibrahimu, baba yetu katika imani, hajaiacha nchi yake.

Viumbe hivi havifanani, ila kwa jambo moja: vyote viwili hukua polepole. Papa huongezeka kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Msonobari huvumilia baridi na udongo haba, na kwa sababu hiyo mti wake huwa mgumu, wala hauozi upesi. Hilo ni fundisho la subira kwetu sisi tutakao kupata yote leo.

Lakini je, wingi wa miaka watosha? Sisi wa Tabora twaijua Kwihara. Hapo mwaka 1872 Daktari Livingstone aliwangoja wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata alifariki mbali, mwenye umri wa miaka 60. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake. Walipofika Unyanyembe walishauriwa wauzike papo hapo, wakakataa. Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi kama tisa, wakaufikisha Bagamoyo, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Miezi hiyo tisa papa alikuwa akiogelea, na msonobari ulikuwa umesimama. Wala kimoja hakikumbeba mtu. Mwenyezi Mungu amewapa hao karne nyingi. Sisi ametupa miaka michache, pamoja na jirani wa kumpenda.

Basi, ndugu Wakristu, mzee asijivunie mvi zake tu, wala kijana asiseme, "Wakati ungalipo." Yuko mgonjwa asiyetembelewa, yuko yatima asiye na karo. Siku ya hukumu hatutaulizwa tumeishi miaka mingapi. Tutaulizwa tumembeba nani.