Bora kwa Mizani Gani?



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha niliwakuta vijana barazani wakibishana. Huko Marekani kila mwaka hutolewa zawadi za Emmy kwa michezo ya televisheni, na mojawapo ni ya mchezo mfupi, yaani ule wenye sehemu chache zilizohesabiwa, kisha ukaisha. Septemba 2025 zawadi hiyo ilipewa mchezo wa Kiingereza uitwao Adolescence. Wengine walisema umestahiki, wengine wakakataa. Wakaniuliza nasemaje. Nikajibu upesi, "Upuuzi mtupu." Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Umeutazama, maalim?" Nikanyamaza, kwani sikuutazama.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa makadhi ni watatu, mmoja Peponi na wawili Motoni, na katika hao wawili yumo aliyehukumu kwa ujinga. Kusema "hiki bora" au "hiki kiovu" ni hukumu, na hukumu haisimami bila ushahidi. Basi nikamwomba mjukuu wangu anionyeshe, nikautazama sehemu zote nne.

Kisa chenyewe ni hiki. Polisi wanavunja mlango asubuhi na kumkamata mtoto wa miaka 13 kwa kumwua kwa kisu msichana wa shuleni kwao. Baba yake ni fundi wa mabomba, mtu wa kazi yake. Alipokuwa mdogo alipigwa sana na babake, akaapa hatampiga mwanawe, na kweli hakumpiga. Mwishoni baba na mama wanaulizana walikosea wapi. Mtoto alikuwa chumbani mwake, mlango umefungwa, taa inawaka hadi usiku wa manane. Wakadhani yu salama. Kumbe kwa njia ya kompyuta na simu waliingia humo walimu wasiowajua, wakamfundisha kuwadharau wanawake.

Je, umestahiki zawadi? Wanaopiga kura ya Emmy ni watu wa kazi hiyo: waandishi, waigizaji, wapiga picha. Wao hupima ufundi, na wana haki, kama seremala alivyo na haki ya kuusemea mlango. Kila sehemu ya mchezo huu imepigwa kwa kamera moja mfululizo bila kukatwa, kama saa nzima. Na Owen Cooper, aliyeigiza mtoto yule, alipata zawadi yake akiwa na miaka 15. Anayeukanusha ufundi huo kwa kuwa tu haipendi televisheni, amedhulumu.

Lakini mlango mzuri waweza kuwa wa nyumba ya kamari. Iko mizani ya pili, nayo ni manufaa: mchezo ukizimwa, umeniachia nini? Kwa mizani hii mzazi ndiye kadhi wa nyumba yake, wala hapana kura ya Marekani itakayomwondolea amana hiyo. Mchezo huu una matusi, na si wa watoto wadogo. Wako wasemao kuwa kuonyesha ovu ni kulieneza. Naikubali hoja yao pale ovu linapopambwa. Hapa halikupambwa; limeonyeshwa uchungu wake. Huko Uingereza umetolewa bure kwa shule za sekondari, ili watoto na walimu wauzungumze.

Nilipomaliza, fikira zangu hazikuwa kwa Waingereza, zilikuwa nyumbani kwangu. Sisi twamwuliza mtoto: umesali? Umekwenda chuoni? Hatumwulizi usiku amemsikiliza nani. Twajisifu kuwa wetu ni mtulivu, hatoki nje. Utulivu wa mtoto si ushahidi wa usalama wake. Na kosa langu la barazani nililiona tena hapa: kama nilivyouhukumu mchezo kuwa mbaya bila kuutazama, ndivyo nilivyowahukumu wajukuu zangu kuwa salama bila kuwatazama.

Kwa hivyo, kabla hujasema "bora", sema kwa mizani gani, nawe uwe umeona kwa macho yako. Na mtoto wako keti naye, utazame anachokitazama, umwulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Usiende kama askari, nenda kama mzazi.

Yule kijana nilimrudia barazani, nikamwambia mbele ya wenzake kuwa nilikosea.

Wabillahi tawfiq.