Uhuru wa Mwenye Simu

Mkazi wa Kisangani aliyekwisha kubadilisha mfumo wa simu yake ya Android, kisha akataka kuiwekea kerneli nyingine, yaani ile programu ya kiini inayounganisha mfumo na prosesa, betri, kamera na skrini, anakabiliwa na swali la kifalsafa: je, uhuru ni kutenda lolote, au ni kutenda kwa kuijua hali halisi ya kitu? Kerneli iliyoandaliwa kwa modeli nyingine, hata ikiwa ya kampuni ileile, au kwa toleo jingine la Android, inaweza kuifanya simu isiwake kabisa. Hivyo hiari isiyo na maarifa humnyang'anya mtu kile alichotaka kukimiliki.

Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo Android imejengwa juu yake, inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, inayomlazimu msambazaji kuwapa wapokeaji msimbo, yaani maandishi ya programu yanayosomeka na binadamu. Mtengenezaji anayeuficha humdhulumu mnunuzi, hasa yule wa mji ulio mbali na viwanda, ambaye tegemeo lake ni fundi wa sokoni. Fundi naye hana budi kulinganisha modeli kamili, toleo la Android na mfumo uliowekwa, na kuhifadhi nakala ya kerneli ya awali. Asipofanya hivyo amevunja amana, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeomba.