Saa kumi na moja jioni

Kijiwe chetu kipo Tabata, pembeni ya duka la vifaa vya ujenzi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakuwa tumeshafika: mafundi rangi, fundi marumaru, vijana wa zege. Kila mtu na kifurushi chake. Changu kina brashi tatu nilizozifunga kwenye nailoni zisikauke, rola na msasa. Pikapu ikisimama, wote tunanyanyuka. Mwenyewe akichagua wawili, wengine tunakaa tena.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa pale, na ule mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, kwangu haujawahi kuwa habari ya mbali. Hata saa zake ni zetu. Watu wa wakati ule walihesabu mchana kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Saa tatu yao ndiyo hii ambayo mama ntilie anasuuza vikombe vya chai. Saa kumi na moja ndiyo ile ambayo mtu anakunja nailoni yake, anaanza kufikiria atasema nini nyumbani. Saa hiyo mwenye shamba alitoka tena, akawakuta watu wamesimama. Alipowauliza mbona wameshinda bure, walimjibu kwamba hakuna aliyewaajiri.

Wahubiri hukimbilia malipo, kwamba wote, wa asubuhi na wa jioni, walipata dinari moja, na kwamba hiyo ndiyo neema. Sipingi. Ila mimi moyo wangu hubaki hapo nyuma: jua linazama, na bado walikuwa wamesimama.

Babu yangu alitoka Kasulu kwenda Tanga kukata mkonge, akiwa manamba. Alitusimulia habari za kipande, kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inaandikwa. Usipoimaliza, hata kama umeshinda juani, siku hiyo haikuwepo. Hata neno kibarua limetokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa akadai ujira wake. Tangu zamani, basi, siku ya mtu kama mimi ni ile iliyoandikwa. Kusubiri hakuandikwi popote. Na kusubiri ndiko kunakonichosha. Ukuta haujawahi kunichosha hivyo.

Je, Mungu anakuhesabu kusubiri huko?

Mwaka jana nilipata nyumba ya vyumba vinne. Nilikuwa na wasaidizi wawili tangu asubuhi, kila mmoja kwa shilingi 15,000. Saa tisa mwenye nyumba akataka sebule iishe siku ile ile, nikampigia kijana mmoja aliyekuwa bado kijiweni. Alikuja mbio. Akapiga msasa kuta zote nne, vumbi likamjaa mpaka kwenye kope. Jioni nikampa 5,000. Nilikuwa nimepiga hesabu ya saa alizofanya, nikaongeza kidogo. Alipokea kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Kesho je, kuna kazi?" Haikuwepo.

Hesabu ilikuwa sawa, na usiku sikupata usingizi. Wale wawili walijua tangu saa moja asubuhi kwamba watoto wao watakula. Walichanganya rangi huku wakiimba. Huyu alikuwa amekaa saa nane bila kujua, na sikumlipia hata moja. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa, yaani chakula cha nyumba kwa siku hiyo. Mtoto wa aliyeajiriwa jioni hana njaa ya robo siku.

Ningempa 15,000, wenzake wangenung'unika, tena kwa haki. Nimewahi kuwa mmoja wao, nimelibeba jua zima. Na mwenye shamba alitoa mali yake. Mimi niligawa pesa ya mtu mwingine. Fundi marumaru, ambaye ni Mwislamu, alinikumbusha kwamba Mtume aliagiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Torati nayo inaagiza alipwe kabla jua halijatua. Tuliafikiana kwamba hayo yanahusu jasho. La yule aliyekaa bila kutoka jasho tuliliacha pale pale kwenye benchi.

Jumatatu iliyopita nilipata ukuta wa uzio. Nilimpigia yule kijana saa moja kasoro, ingawa msasa ungeanza mchana. Akaja, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akala mihogo, akatuangalia mpaka saa saba. Jioni nikampa 15,000, sehemu ikitoka mfukoni mwangu. Alizihesabu mara mbili, kisha akanitazama, akidhani nimekosea.