Mbio za Kuazima

Ndugu msomaji, gari likinunuliwa kwa mkopo, likaandikwa jina la benki, likatozwa ushuru unaoizidi thamani yake, na mwendo wake wenyewe ukawa hauruhusiwi barabarani, hilo ni gari la nani?

Nauliza kwa sababu vijana wa Nairobi tuna ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unaitwa Subaru. Wapo wa Golf GTI, wapo wa Mitsubishi Evolution, sawa, kila mtu na mganga wake. Lakini tangu Colin McRae ashinde Safari Rally mwaka 1997 ndani ya Impreza ya buluu, ndoto ile imerithiwa kama shamba la babu. Wameirithi hata waliozaliwa baada ya 2002, mbio zilipoondolewa katika ubingwa wa dunia, wakaja kuziona kwa macho yao ziliporudi Naivasha mwaka 2021.

Sitaki kuhubiri kwamba kutamani gari la kasi ni dhambi. Magazeti yetu yamejaa mahubiri ya namna hiyo, na wengi wa wanaoyaandika huendeshwa na dereva. Mlio wa injini ya Subaru ukipanda mlima wa Limuru ni mzuri, basi. Mtu asiyesikia uzuri wowote pale pengine hasikii ngoma pia. Swali langu liko kwingine: raha hii inalipwa na nani?

Tuanze na serikali, maana yeye ndiye wa kwanza kula. Tuseme KRA wamelithamini gari lako kuwa shilingi 1,000,000. (Hiyo si lazima iwe bei uliyolipa kule Japani. Wao huanza na bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha yao, kisha hupunguza kulingana na umri wa gari.) Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 25: 337,500. Juu ya jumla ya hizo zote, VAT asilimia 16: 270,000. Ongeza ada ya tamko la mzigo asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, ni 45,000 nyingine. Jumlisha: shilingi 1,002,500. Umenunua magari mawili, ndugu yangu, na moja umeliacha bandarini Mombasa.

Umeona na ujanja wake? Ushuru unatozwa ushuru. Tena kwa kuwa wengi wetu hatuna milioni mbili chini ya godoro, ushuru huo tunaukopa. Chukua mkopo wa milioni 2 kwa riba ya asilimia 16 kwa miezi 48: utalipa kama 56,700 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa takriban milioni 2.72. Katika zile laki saba na ushee za riba, nusu ni riba ya kodi. Mtu anamlipa mwenye benki kwa ajili ya kumlipa mwenye nchi! Atakayenunua gari hilohilo kwenye yadi pale Ngong Road hatayaona haya, maana yamefichwa ndani ya bei, lakini atayalipa vilevile.

Wengine watasema ni haki, anasa na itozwe. Mimi ningekubali kama ushuru ungejua anasa ni nini. Ushuru wa bidhaa hauulizi kasi, unauliza ukubwa wa injini. WRX STI ya mwaka 2018 ina cc 1,994 na nguvu za farasi zaidi ya 300. Toyota Premio ya cc 1,797, gari la mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, haifiki hata 150. Zote mbili ziko kwenye kikapu kimoja cha asilimia 25, kwa sababu zimevuka cc 1,500 na hazikufika 3,000. Turbo haina mstari kwenye fomu. Kwa hiyo usiniambie kwamba kwa kulipa ushuru mtu ameshailipia jamii hatari na kelele anazoileta. Amelipia chuma tu.

Sasa tuje kwa umiliki. Benki ikikukopesha, logibuku hutoka na majina mawili, lako na lake, na mpaka senti ya mwisho huwezi kuliuza gari bila ruhusa yake. Ipo pia sheria ya zamani ya kununua kwa kukodi, Sura ya 507. Kwa mikataba inayoangukia chini yake, ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi tena kuja usiku kulichukua gari: ni lazima aende mahakamani. Napenda sana kifungu hicho. Kinakiri jambo ambalo sisi kwa kawaida hatulisemi, kwamba kitu kinaweza kuwa chako kidogo kidogo, kama mtoto anayekua.

Lakini kabla ya kufika hapo, una nini hasa? Aristotle, katika kitabu chake cha Rhetoric, aliona kwamba utajiri umo katika kutumia kuliko katika kumiliki. Maneno matamu hayo, na wakodishaji wa magari wangeyapenda yachapishwe kwenye kalenda zao. Haya, tutumie kipimo chake. Sheria yetu haikuruhusu kupita kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu, na mjini ni 50. Gari linaweza kupita 250. Ile sehemu uliyolipia zaidi, ile ya juu ya 110, huimiliki kwa sababu iko kwa benki, na huitumii kwa sababu iko kwa polisi. Umebaki na nini mkononi? Umebaki na kuonekana. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, ila hawakuona nguo ya kuazima inayotoa moshi.

Hapa najua kuna msomaji atasema: basi deni ni baya, tuache mikopo, kukopa harusi kulipa matanga. Hapana. Mimi siungi mkono methali hiyo ikitumiwa kama rungu. Wazazi wetu walikopa karo, wakakopa mabati, wakakopa ng'ombe wa maziwa, na sisi tunaosoma gazeti hili ni matunda ya madeni hayo. Tena mwenye mshahara wake, akikokotoa mwenyewe hesabu ya 56,700 na akaona anaweza, na akaamua kula ugali na sukuma miaka minne kwa ajili ya mlio wa injini, mimi ni nani nimkemee? Amenunua raha yake kwa jasho lake. Wapo wanaoinunua kwa pombe na hawapati hata gurudumu la akiba.

Tatizo linaanzia pale ambapo si jasho lake.

Mfikirie kijana wa miaka 28, tumpe kazi ya karani katika ofisi yoyote mjini. Benki imemkatalia. Anakwenda kwenye SACCO ya kazini, ambako ana akiba ya 500,000, na SACCO inaweza kumpa mara tatu ya akiba. Milioni moja na nusu! Lakini ile milioni ya juu lazima isimamiwe na akiba za wanachama wengine. Basi anaanza kuzunguka madawati na fomu. Kwa rika lake anasema, "Mse, nisainie hapa, ni karatasi tu." Kwa mama wa masjala, aliyebakisha miaka mitatu astaafu, anasema kwa sauti ya chini, "Auntie, nisaidie na sahihi." Auntie anasaini, kwa kuwa mwaka juzi mama yake kijana alipolazwa walichanga pamoja, na kwa kuwa kukataa sahihi ofisini kwetu ni kama kukataa kuitikia salamu.

Kwenye fomu hiyo hakuna mahali palipoandikwa WRX. Panasema "maendeleo". Sasa kijana akiachishwa kazi, au gari likibingirika kule Salgaa na bima ikaanza masuala yake, SACCO haitamtafuta McRae. Itaikata akiba ya Auntie. Akiba ile ilikuwa tangi la maji kijijini, au karo ya mjukuu. Yeye hajawahi kuketi ndani ya gari lile. Pengine hata alipigiwa honi nalo.

Kuna atakayenijibu kwamba Auntie ni mtu mzima, alisaini kwa hiari. Ni kweli, kisheria amekwisha. Lakini hiari inahitaji kujua. Kijana alijua anachokwenda kununua, naye akaficha, na aliificha kwa sababu alijua kwamba lau angetaja gari lenyewe kalamu ingesita. Kwangu mimi hapo ndipo kosa lilipo, na halitegemei kama gari lilianguka au halikuanguka. Hata akilipa mpaka senti ya mwisho, miaka minne alikuwa akienda mbio kwa miguu ya mtu mwingine bila kumwambia.

Wakubwa nao wana SACCO yao, ila wao huiita kampuni. Mkurugenzi hanunui gari, anakodishiwa. Kodi ya gari kila mwezi inaandikwa kuwa gharama ya biashara, faida inapungua kwenye vitabu, na kodi ya mapato inapungua nayo. Ni halali, ikiwa kweli gari linaitumikia biashara. Serikali yenyewe si mjinga. Kampuni ikimpa mfanyakazi gari ililolinunua, asilimia 2 ya bei yake ya mwanzo huhesabiwa kila mwezi kama mshahara: gari la milioni 6 ni 120,000 kwa mwezi, na kwa mtu wa kiwango cha asilimia 30 kodi yake ni 36,000. Likiwa la kukodishwa, inahesabiwa ile gharama ya kulikodi. Na kwenye VAT sheria imekuwa kali zaidi: iliyolipwa kwa kununua au kukodi gari dogo la abiria hairudishwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza au kukodisha magari hayo. Yaani waliotunga sheria walimtazama mkurugenzi usoni anaposema "hili ni la kazi", wakacheka.

Bado mwanya upo, nao ni neno "kazi". Gari la milango miwili na nguvu za farasi 400 linapeleka barua gani? Anayeliandika hivyo kwenye vitabu amefanya kilekile alichofanya karani kwenye fomu yake. Tofauti ni kwamba Auntie wake ni wengi, na hawajui kwamba wamesaini.

Kuna jambo la kujifunza kwa benki za Kiislamu, ambazo za kwanza hapa Kenya zilifungua milango mwaka 2008. Katika ijara, yaani ukodishaji wa kisharia, anayedai kuwa mwenye gari anabeba pia hasara ya mwenye gari. Likiharibika bila kosa la mkodi, hawezi kudai kodi ya kitu ambacho hakipo. Sina haja ya kuwa mwumini ili nione uzito wa fikra hiyo: atakaye jina la mwenye mali na achukue mzigo wake. Katika ukodishaji wetu wa kawaida jina linabaki kwa mkopeshaji na mzigo unashushwa chini, halafu wa chini naye anatafuta wa kumshushia.

Kwa hiyo wewe uliye na fomu mkononi wiki hii, na najua upo, fanya hivi. Kabla ya kumpelekea Auntie kalamu, mwonyeshe picha ya gari. Mtajie bei, mtajie 56,700 au kiasi chochote kitakachokuwa, mwambie ni la kasi na kwamba hulihitaji. Kisha mpe kalamu unyamaze. Akikataa, Premio za injini ndogo bado zipo, chini ya cc 1,500, na ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 20.