Yaliyopita na Yasiyokuwapo

Kijana wa Handeni au Korogwe, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na miongoni mwa mambo ambayo hana budi kuyadhibiti ni ule wakati uliopita ulio sahili, uendao na jana, juzi au mwaka fulani, wala usiokubali jambo ambalo muda wake ungali wazi. Hilo si zito. Zito ni kwamba umbo lilo hilo, likitanguliwa na neno la sharti au la kutamani, huacha kusimulia lililotokea likasimulia lisilokuwapo kabisa: "came" ni ya mgeni aliyefika jana, na ni ya mgeni ambaye lau angekuja tungefurahi. Waingereza, yaonekana, wameyalaza yaliyokwisha na ya kuwazika tu katika chumba kimoja.

Kiarabu, ambacho baadhi ya vijana hao wamekionja chuoni, kimeelekea upande mwingine. Katika Kurani mambo ya Kiyama, ambayo hayajatukia, mara nyingi hutajwa kwa madhi, yaani umbo la wakati uliopita, nao wafasiri husema sababu yake ni yakini, kwani alitakalo Mwenyezi Mungu ni kama lililokwisha kuwa. Mafakihi wakalipokea umbo hilo katika kufunga mikataba: walii hutamka kwa madhi kwamba amemwoza bwana arusi, naye hujibu kwa madhi kwamba amekubali, ilhali jambo lenyewe ndiyo kwanza linafanyika.

Je, lililopita lina udugu na yakini au na dhana? Augustino, askofu wa Hippo, aliona kwamba yaliyopita hayapo tena ila katika kumbukumbu. Nami, kwa taadhima yote, siridhiki. Wako Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, na hata kama kila mtu wa Handeni angalikuwa amewasahau, kusahauliwa kusingalifanya kuuzwa kwao kuwe hakukuwako. Vita vilipozidi kule baada ya 1991, baadhi ya vitukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na Kizigua kingali vinywani mwao.

Nawaomba basi walimu wa Kiingereza wa wilaya hizi mbili, watafutapo mifano ya wakati uliopita, wampumzishe yule John aendaye sokoni kila mwaka, wawaandikishe wanafunzi habari za Chogo; ya kutamani yafuate baadaye.