Heshima ya Marehemu na Mpaka wa Shamba

Mtu mpendwa akifa, ndimi zote hugeuka asali. Aliyekuwa mchoyo huitwa mkarimu, na aliyekuwa mkali huitwa mpole. Desturi hii si mbaya yote, kwa kuwa maiti hana kinywa cha kujitetea. Lakini tumepatwa na jambo lililotulazimisha kuuliza: Je, kumheshimu marehemu ni kutaja mema yake tu?

Babu yetu alikuwa Mchaga wa mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo nyumba hukaa katikati ya kihamba cha migomba na kahawa, na wafu huzikwa humo humo. Maji huteremshwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee wa kale, nayo hugawanywa kwa zamu. Babu alikuwa mwangalizi wa mfongo wetu. Mara nyingi tulimwona akitoka usiku, jembe begani, kwenda kumfungulia maji mjane asiye na mtu wa kumlindia zamu yake. Kwake tulijifunza kwamba maji ya mwenzio si yako, hata kama mwenzio amelala.

Siku ya maziko wengi walisimama wakamsifu, wala hawakusema uongo. Mzee mmoja tu, jirani wa kihamba cha chini, hakunena neno. Siku ya tatu tukamwendea, tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Tulipomwuliza sababu ya kimya chake, akasema, "Babu yenu alikuwa rafiki yangu. Ningesema yote, ningewaaibisha ninyi. Ningesema nusu, ningejidanganya mwenyewe. Uulizeni ule mti wa masale ulio peke yake katika kahawa yenu."

Kwetu masale ndiyo alama ya mpaka. Ukiyakata, shina huchipua tena. Mti ule tuliujua tangu utoto. Tulitaka kuung'oa kwa sababu ulituzuia kuchuma, lakini babu alitukataza, asitueleze neno. Sasa shangazi yetu mkubwa akatufunulia. Tangu wenyeji walipounda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, zao hilo lilisomesha watoto wengi, lakini pia lilifanya kila hatua ya ardhi kuwa na thamani. Naye babu, katika mwaka wa shida, alipanda masale mapya hatua nne ndani ya shamba la rafiki yake. Kwa kahawa ya hatua hizo nne ada zetu za shule zililipwa.

Ndugu zetu wakagawanyika. Wengine walisema, "Nyamazeni, msimwaibishe mzee kaburini." Tuliona uzito wa neno hilo, kwa maana kumsengenya marehemu ni dhambi. Lakini kusengenya na kukiri si jambo moja. Asengenyaye hujipatia furaha kwa aibu ya mwenzake. Akiriye hupoteza kitu ili mwenye haki apate chake. Basi tukajiuliza: Kimya chetu kinamlisha nani? Tukaona kinatulisha sisi. Heshima inayotujazia ghala si heshima, bali ni faida iliyovikwa vazi la msiba. Tena wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Huenda msomaji akauliza, "Je, hamkumpenda tena?" Twajibu: tulimpenda zaidi. Maandiko Matakatifu hayakuficha kosa la Daudi juu ya Uria, wala hayakumfutia sifa zake. Kama babu angekuwa mtu asiyejua tamaa, kulinda maji ya mjane kungekuwa kazi rahisi kwake. Lakini alijua tamaa, na siku moja ilimshinda. Kwa hiyo zile nyingi alizoishinda ni sifa kubwa. Tena hakuung'oa mti ule, wala hakuturuhusu sisi kuung'oa. Twadhani alimwacha shahidi mmoja, asemee neno ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kulisema.

Basi tulichuma jani la sale, ambalo kwa mila yetu ni ombi la msamaha, tukampelekea jirani. Alilipokea kwa mikono miwili, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mikahawa imekwisha kuchanua. Mavuno ya msimu huu chumeni ninyi. Baada ya hapo ni yangu." Kesho yake tukarudisha mpaka pale ulipokuwa, na yeye mwenyewe akatushikia kamba.

Watoto wetu watakapouliza kwa nini kihamba chetu kimepungua, tutawaambia habari ya maji ya usiku na habari ya hatua nne, zote mbili. Anayemkumbuka babu kwa nusu amejitengenezea sanamu. Anayemkumbuka mzima, huyo ndiye mjukuu wake.